Nilimlilia Mjukuu Wangu Akiwa Mzima

Shule mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo ukiona neno limekaa upande, linyooshe mwenyewe uendelee kusoma. Naandika kwa sababu hapa Kawangware watu wananiuliza kila siku kama ni kweli ile sauti inayolia kwenye ile sinema ya uasi ni yangu, na nimechoka kuwajibu nikiwa nimeinamia karai la samaki. Ndiyo, ni yangu. Na kila nikikumbuka ilivyotoka, mdomo unanijaa mate kama mtu aliyemeza nzi.

Nianze na mjukuu wangu, kwa sababu yote yalikuwa kwa ajili yake. Nimemlea tangu akiwa na miaka minne. Ni mrefu, ni mweusi tii, anatembea kama mtu anayejua anakokwenda hata akienda chooni. Sisemi ni mzuri kwa sababu ni wangu. Nasema kwa sababu nina macho. Sauti yake ukiisikia unanyamaza, hata kama ulikuwa unagombana. Alikuwa akifanya maigizo na wenzake kwenye ukumbi wa kanisa, wanawaigizia watoto na kina mama wa chama, halafu wanarudi nyumbani na njaa yao.

Basi wakaja watu wa kutengeneza sinema. Ilikuwa hadithi ya vijana wanaoasi serikali katika nchi ambayo hawakuitaja, lakini kila mtu mwenye pua alijua ni nchi gani. Walisema wataipigia Kibera, upande wa Makina, na wanataka watu wa Kibera na Kawangware wenyewe. Siyo wa kuletwa. Walisema wamechoka kuona sinema ambazo maskini hana uso. Waliwapanga watu foleni, wakawaambia wakimbie, wakawaambia wapige kelele, na mwisho mjukuu wangu akapewa sentensi.

Sentensi moja. Lakini mwachie akuelezee, na Dani anayemtaja ni mimi bibi yake, kwa Kijaluo.

“Dani, wewe umeona muvi ngapi za hapa kwetu? Sisi huwa tunapita tu nyuma na mtungi. Ama tunakimbia. Ama tumelala chini. Hakuna mtu wa kwetu ashawahi kufungua mdomo akasema kitu ikaisha. Mimi nitasema.”

Sentensi yenyewe ilikuwa: “Mkituua sote, mtamtawala nani?” Angesema mbele ya askari, kisha apigwe risasi, aanguke. Aliisema akikanda unga. Aliisema akisugua sufuria. Aliisema mchana kutwa mpaka jirani yetu, mzee wa upande wa pili wa mabati, akajibu: “Watatawala panya wa hapa Forty-six! Sasa nyamaza nisikie redio!” Tukacheka mpaka nikakaa chini. Lakini moyoni nilikuwa nimevimba kama andazi. Mjukuu wangu ataongea, na watu watakaa kimya wamsikilize.

Siku yenyewe tulitoka asubuhi, tukapita mtaa wa Satellite kwa miguu, tukakata mpaka Kibera. Mimi nilivaa gauni langu la kanisani, lile la kijani lenye mikono mirefu, na kitambaa cheupe kichwani. Usinicheke. Ukiambiwa unapigwa picha unavaa vizuri, sivyo? Na si mimi peke yangu. Tulipofika Makina tulikuta Kibera nzima imepiga pasi. Wanaume na tai. Kina mama na viatu vya Jumapili. Mzee mmoja alikuja na koti la harusi yake.

Kijana mwenye redio ya mkononi alitutazama, akashika kichwa. “Hapana, hapana, hapana. Hii si harusi, wazazi. Rudini mkavae nguo zenu za kawaida.”

“Hizi ndizo zangu za kawaida nikienda kuonekana,” yule mzee wa koti akamwambia.

Hawakusikia. Walikuwa na gunia la nguo zilizochanika, na nilizishika mimi na mikono yangu hii: zilikuwa mpya. Zilikuwa zimekatwa na makasi magotini na kwenye viwiko, ukingo umenyooka. Halafu kukawa na msichana mwenye sifongo na kichupa cha unga wa kahawia, anatupaka mashavuni tuonekane wachafu. Mimi nimeishi Kibera karibu miaka thelathini kabla ya kuhamia Kawangware. Nimelea watoto humo, na hakuna siku hata moja mtoto wangu alitoka nje na uso haujaoshwa. Leo mtu amesimama juu ya udongo wa Kibera na viatu vyake vyeupe, ananipaka udongo wa chupa.

Pale nilimkuta mwenzangu. Yeye ni Mnubi wa Makina, mzaliwa wa hapo na mama yake mzaliwa wa hapo. Tulikuwa majirani siku zote zile nilizokaa Kibera. Yeye hunifunza kupika, mimi humfunza kugombana. Alikuwa amevaa gurbaba, ile nguo ya Kinubi ya kujifunga yenye rangi kama bustani, ananukia udi. Nilimwonea fahari.

Akaja mwanamke mwenye ubao wa kuandikia. Huyu kazi yake, alituambia, ni uwakilishi. Kuhakikisha kila aina ya mtu yuko ndani ya picha, asiachwe mtu. Nikasema moyoni, afadhali, huyu ana akili. Akasoma ubao wake. Akasema hapa anataka bibi mzee Mwislamu, mmoja. Akatutazama sote wawili. Akaninyooshea kidole mimi.

“Huyu. Uso wake unaongea.”

Mwenzangu akasema, “Mama, Mwislamu ni mimi. Huyu ni Mjaluo, Jumapili yuko na ngoma kanisani.”

“Najua, mama,” akasema yule wa ubao, na ninaapa hakuwa anajua. “Lakini hiyo nguo yako ina rangi nyingi. Watazamaji wa nje hawataelewa.”

Basi nikavalishwa buibui jeusi. Mimi! Na mwenzangu akapewa beseni la dagaa wa omena abebe kichwani, apite nyuma ya umati kama muuzaji kutoka ziwani. Alinitazama, mimi nikamtazama. Akalisawazisha beseni.

“Sasa mimi nimekuwa Mjaluo na wewe umesilimu,” akasema. “Karibu sana, dada. Ramadhani nitakupitia, na ole wako nikukute unatafuna.”

“Wewe shika omena vizuri,” nikamwambia, “ukoo wetu unakuangalia.”

Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa na uchungu kama mboga ya osuga. Ubao wake sasa ulikuwa umejaa alama za tiki. Kila mtu alikuwemo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenyewe.

Saa nne wakapiga ile sehemu ya mjukuu wangu. Nilisimama pembeni. Askari wa uongo wakajipanga na ngao zao, umati ukarudi nyuma, yeye akatoka mbele peke yake. Akasema sentensi yake. Hakupiga kelele. Aliisema kama mtu anayeuliza bei. Nakuambia hata askari mmoja aliinamisha macho, na alikuwa kijana wa kukodiwa kutoka Kawangware, hakuna aliyemwambia ainamishe. Nikasema, huyo. Huyo ni wangu.

Kumbe sentensi ilikuwa imepata mwenyewe mwingine. Kulikuwa na staa, msichana mweupe mweupe wa kutoka huko wanakoishi watu wa matangazo, aliyeletwa na gari lenye vioo vyeusi. Yeye ndiye alikuwa kiongozi wa uasi katika hadithi. Alisikia mjukuu wangu anavyosema, akaenda kwa dairekta kunong’ona. Baadaye mjukuu wangu alinijia, ile rangi ya unga wa chupa imechirizika na jasho.

“Dani, staa anataka sentensi yangu.”

“Si ana zake? Ana kitabu kizima.”

“Dairekta amesema hivi. Sasa tunapiga ile ya kufa. Mimi nimelala, wewe unakuja unanililia. Nilimwambia huko Kibera kukiwa na msiba wewe ndiye ulikuwa unaanzisha kilio, kila mtu anajua sauti yako. Amesema kilio kikishika, sehemu yangu yote inabaki vile ilivyo. Kisiposhika, anaanza upya na staa, mimi narudi kwa umati.” Akanishika mkono. “Dani, iko kwako.”

Hapa lazima nieleze, kwa sababu vijana hawajui na wengine wanajifanya hawajui. Kwetu nduru haichezewi. Nduru ni ya kifo. Ukiipiga, unawaambia watu wote wanaosikia kwamba nyumba imeingiliwa, na anayesikia anaacha alichoshika anakuja. Haulizi. Ukiipiga juu ya mtu mzima, unamwonyesha kifo njia ya mlango wake. Mama yangu alinichapa mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa sababu nilipiga nduru nikicheza.

“Siwezi,” nikamwambia.

“Dani, ni mchezo.”

“Mchezo gani? Wewe ni mzima, nikulilie?”

“Nikirudi kwa umati nitarudi na mtungi tena.” Hakulia. Angelia ningekataa. Alinitazama tu. “Mara moja tu. Mimi siogopi.”

Mwenzangu, beseni bado kichwani, akasema polepole, “Usifanye. Kwetu Waislamu hata aliyekufa kweli haliliwi hivyo. Na wewe ndiye umevaa buibui.”

Nilifanya. Sitasingizia mtu. Nilipiga magoti kwenye vumbi, mjukuu wangu amelala, shati limepakwa rangi nyekundu tamu, nzi wameshaijua. Mara ya kwanza nilitoa sauti ndogo ya kudanganya. Dairekta akasema kata, mama, huko ni kuguna, nataka kutoka tumboni. Mara ya pili niliutazama ule uso umefunga macho, ule uso nilioukausha na leso zangu, na mwili ukanidanganya. Ukaamini. Nduru ikatoka yenyewe, mikono ikapanda kichwani, nikaanza kumwita kwa majina ya sifa ambayo humwita nyumbani, nikimuuliza amemwachia nani mifupa yangu. Kwa Kijaluo, ndani ya buibui. Yule wa ubao alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha.

Walichosahau ni kwamba Kibera ina masikio, na sauti yangu inajulikana.

Wakaanza kutoka vichochoroni. Mmoja na unga wa ugali mikononi. Mmoja na sabuni mpaka viwikoni, kiatu kimoja. Wanawake saba, nane, wa umri wangu na wadogo kidogo, wanakuja mbio huku wameshaipokea nduru, wanaipiga wao pia, kwa sababu ndivyo tunavyofanya: unalia ukija, unauliza baadaye. Walipita katikati ya waya na taa na waya nyingine. Kijana wa redio alijaribu kuwazuia, wakamkanyaga.

Na mbele yao kulikuwa na mama mmoja ambaye nilimzikia mtoto. Kijana wake alipigwa risasi siku za maandamano ya kweli. Msiba ule nilikuwepo, nduru ya kwanza niliianzisha mimi. Sasa amesikia sauti ileile. Akaja, akaona kijana amelala, damu, na mimi juu yake. Alianguka kifudifudi. Hakulia kama sisi. Alitoa sauti kama mtu anayejaribu kuvuta pumzi na hewa imekataa.

Mimi nilinyamaza. Wenzangu wakanyamaza mmoja mmoja, wanatazama taa, wanatazama buibui langu. Kamera haikunyamaza. Ilimgeukia yule mama, ikamsogelea mpaka karibu na uso wake, na dairekta alikuwa ameinama nyuma yake ananong’ona, “Endelea, endelea, usikate, usikate.” Alikuwa na machozi machoni, huyo dairekta. Machozi ya mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani.

Beseni la omena lilianguka. Kabla mwenzangu hajafika, mjukuu wangu alikuwa ameshafungua macho. Akaketi. Akaona. Akatambaa kwa magoti na lile shati lake jekundu, akamkumbatia yule mama kutoka nyuma. “Mama, ni mimi. Mimi ni mzima. Ni mchezo, mama, pole, ni mchezo, nishike uone.”

“Wewe!” dairekta akapiga kelele. “Nani amekuambia uamke? Wewe umekufa!”

Mjukuu wangu hata hakumtazama. “Kwani hukuona huyu mama?”

“Nimemwona! Ndiyo maana nilitaka ulale! Hiyo ndiyo ilikuwa picha ya kweli kuliko zote, na umeiharibu.”

Na yule wa uwakilishi, alikuja na karatasi. Sisemi uongo, mama bado yuko chini, yeye amechuchumaa na kalamu, anamwambia kwa sauti laini kwamba uchungu wake unawawakilisha wanawake wengi sana, na kama angeweka tu sahihi hapa chini, dunia nzima ingemwona. Mwenzangu wa Makina aliichukua ile karatasi kutoka mkononi mwake, kwa adabu, kama mtu anayepokea zawadi. Akaikunja ikawa kifuko. Akachuchumaa akaanza kuzoa omena kutoka kwenye vumbi anatia humo.

“Chakula hakiachwi chini,” akasema.

Wale wanawake walinisema, na walikuwa na haki. Yule wa kiatu kimoja alinitemea mate karibu na mguu. “Umetufanya tulie bure! Kesho ukifiwa kweli utamwita nani?” Nilivua buibui nikalikunja, nikalibeba mkononi mpaka kijana wa redio akaja kulidai.

Mchana huohuo sentensi ilienda kwa staa. Tulikuwa bado tunasubiri mwenzangu aoshe mikono, tukamsikia akiisema mara tano, sita, kila mara na kelele zaidi. Mjukuu wangu alisimama anasikiliza, mikono nyuma. Nilimwambia, “Nimekupotezea.” Akasema, “Mimi ndiye niliamka, Dani.” Tukarudi Kawangware.

Picha ilipotoka waliionyesha kwenye kitambaa uwanjani, watu wakakaa chini. Staa anasema sentensi. Staa anaanguka, nywele zimekaa vizuri. Halafu sauti yangu inalia. Uso wangu haupo, mjukuu wangu hayupo, ila ile nduru niliyompigia yeye wameimwaga juu ya mtu mwingine. Watu walipiga makofi. Mimi niliondoka kabla haijaisha.

Lakini kabla ya hapo, siku tatu baada ya mambo ya Makina, tulikwenda kwa yule mama. Mtu akipiga nduru ya uongo, hawezi kukaa tu nyumbani kwake. Nilibeba sukari na unga na majani ya chai, mjukuu wangu akabeba kuni. Yule mama alifungua mlango, akatutazama, akasema, “Leo nani amekufa?”

“Hakuna,” nikasema. “Nimekuja kuomba msamaha.”

“Ingia basi, usisimame kama kamera.”

Alituwekea chai. Mimi niliomba msamaha kama inavyotakiwa, yeye akauacha hapo mezani, hakuuchukua wala hakuusukuma. Halafu akamgeukia mjukuu wangu. “Nasikia ulikuwa na maneno yako. Waliyachukua?”

“Ndiyo, mama.”

“Hebu yaseme.”

Mjukuu wangu aliyasema, akitazama kikombe. Mkituua sote, mtamtawala nani. Ndani ya chumba kile kidogo yalisikika kama nguo ya kukodi.

“Mazuri,” yule mama akasema. “Ya mtu aliyepewa nafasi. Wangu hakusema kitu. Wala hakuwa kwa maandamano. Alikuwa anatoka kwa kinyozi. Nilipomwona, shingoni alikuwa bado na poda.”

Mimi, ninayeanzisha vilio vya watu, niliinamia kikombe changu. Mjukuu wangu ndiye aliyeinua uso.

“Alikuwa amenyolewa vipi, mama?”

Yule mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa kitu kwa mara ya kwanza. “Vibaya!” akasema, na mkono wake ukaenda kichwani kwake mwenyewe kuonyesha. “Upande huu umepanda, huu umeshuka, hapa mbele kama ngazi. Huyo kinyozi ni rafiki yake, anajifunza, na yeye hakuweza kumkatalia. Asubuhi nilimwambia, nenda tu, utarudi hapa nikucheke. Nilikuwa namngoja nimcheke.”

Akaongeza maji kwenye birika, akalirudisha motoni, akaanza kutuambia habari za mwanawe tangu mwanzo.